Umri wa farasi wa mashindano: Siku moja ya kalenda huamua nani akimbie

MPENZI wa soka nchini hahitaji kuelezwa maana ya neno "kijeba". Mwaka 2005 timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, iliondolewa katika fainali za Afrika kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na majonzi yake yalidumu kwa muda mrefu.

Wachache wanafahamu kwamba hila hiyo ni ya kale kuliko soka lenyewe. Moja ya kesi mashuhuri za kudanganya umri katika historia ya michezo haikumhusu binadamu bali farasi, nayo iliamuliwa mahakamani London mwaka 1844.

Ili kuielewa kesi hiyo, na kuelewa kwa nini hadi leo farasi hukaguliwa kabla ya kuingia uwanjani, ni vyema kwanza kufahamu namna umri wa farasi wa mashindano unavyohesabiwa na kanuni zinazoamua nani aruhusiwe kukimbia.

Siku moja ya kuzaliwa kwa wote

Katika mbio za farasi, mnyama hahesabiwi umri wake kuanzia siku aliyozaliwa. Nchi za kaskazini mwa dunia, zikiwamo Uingereza, Ufaransa na Marekani, huhesabu kwamba farasi wote wa mashindano huongeza mwaka mmoja siku ya Januari Mosi.

Kwa hesabu hiyo, farasi aliyezaliwa mwezi Januari na mwenzake aliyezaliwa Mei mwaka huohuo ni wa rika moja, ingawa mmoja amemtangulia mwenzake kwa miezi minne. Na yule aliyezaliwa kwa bahati mbaya Desemba 31 hutajwa kuwa na mwaka mmoja kesho yake, ilhali bado anajifunza kusimama.

Uingereza yenyewe zamani ilitumia Mei Mosi. Tarehe ya Januari Mosi ilianza kutumika Newmarket, makao makuu ya mchezo huo, mwaka 1834, kisha ikaenea kwingineko.

Kanuni hii imebadili hata maisha ya wafugaji. Farasi hubeba mimba kwa takriban miezi 11, na kwa maumbile yake jike hupata joto majira ya kuchipua na ya kiangazi, siku zinapokuwa ndefu. Kwa kuwa kila mfugaji anataka mtoto azaliwe mapema baada ya Januari Mosi ili awe na miezi ya ziada ya kukua, farasi majike huwashiwa taa mabandani wakati wa baridi, miili yao ipate kudhani kwamba siku zimeanza kurefuka.

Madaraja ya umri

Farasi wa mbegu ya tharobredi, ambao ndio wanaotawala mbio kubwa za tambarare duniani, huanza kushindana wakiwa na miaka miwili. Mbio za rika hilo huwa fupi, nao hushindana wao kwa wao.

Mwaka wa tatu ndio wenye heshima kubwa zaidi. Mbio tano kuu za jadi za Uingereza ni za farasi wa miaka mitatu peke yao. Mbio hizo ni St Leger iliyoanza mwaka 1776, Oaks (1779), Derby ya Epsom (1780), 2000 Guineas (1809) na 1000 Guineas (1814).

Farasi hupata nafasi ya kushiriki mbio hizo katika mwaka mmoja tu wa maisha yake. Akiugua au kuumia majira hayo, hakuna mwaka mwingine wa kujaribu. Hapo ndipo thamani ya mbio hizo ilipo, na hapo pia ndipo kishawishi cha udanganyifu kilipozaliwa.

Kanuni za jinsia nazo huungana na zile za umri. Oaks na 1000 Guineas ni za majike tu. Derby ya Epsom huruhusu madume na majike, lakini humkatalia farasi aliyehasiwa. Sababu yake ni kwamba mbio hizo zinakusudiwa kuwabaini wazazi bora wa vizazi vijavyo, na aliyehasiwa hawezi kuzaa.

Marekani haina katazo hilo katika Kentucky Derby, iliyoanza mwaka 1875 na ambayo pia ni ya farasi wa miaka mitatu. Funny Cide aliyeshinda mwaka 2003 na Mine That Bird aliyeshinda mwaka 2009 walikuwa wamehasiwa. Hata hivyo, mbio hizo hupokea farasi wasiozidi 20, na tangu mwaka 2013 nafasi nyingi hupatikana kwa pointi zinazokusanywa katika mbio za awali.

Kaskazini na kusini

Nchi za kusini mwa dunia zina majira yaliyo kinyume na ya kaskazini. Kwa sababu hiyo Australia, New Zealand na Afrika Kusini huhesabu umri wa farasi kuanzia Agosti Mosi.

Tofauti hiyo huleta utata farasi wa pande zote mbili wanapokutana. Mfano ulio wazi ni Dubai, ambako mashindano makubwa hufanyika mwishoni mwa Machi. Farasi wa kusini aliyetimiza miaka mitatu Agosti iliyopita humzidi mwenzake wa kaskazini, aliyeitimiza Januari, kwa takriban nusu mwaka.

Waandaaji hawakulifumbia macho jambo hilo. Katika UAE Derby, farasi wa miaka mitatu kutoka kusini huruhusiwa kushindana na wa kaskazini, lakini hubeba uzito mkubwa zaidi. Katika Dubai World Cup, iliyoanza mwaka 1996, farasi wa kaskazini sharti awe na miaka minne au zaidi, ilhali wa kusini anaweza kuingia akiwa na miaka mitatu.

Uzito badala ya miaka

Si mbio zote zinazotenga rika. Nyingine huwakutanisha wadogo na wakubwa, kisha haki hutafutwa kwa kuwatofautisha mizigo.

Aliyeipa kanuni hiyo sura iliyo karibu na ya leo ni Admirali Henry Rous wa Uingereza, ambaye katika karne ya 19 alitunga jedwali la uzito kulingana na umri, umbali wa mbio na mwezi wa mwaka. Hoja yake ilikuwa rahisi. Farasi wa miaka mitatu huwa bado anakua, kwa hiyo pengo kati yake na aliyekomaa ni pana mwanzoni mwa mwaka na hupungua miezi inavyokwenda.

Katika Prix de l'Arc de Triomphe, inayokimbiwa Paris kila Oktoba kwa umbali wa mita 2,400, dume wa miaka mitatu hubeba kilo 56.5 na wa miaka minne au zaidi hubeba kilo 59.5. Kilo hizo tatu ndizo gharama ya umri. Majike nao hupunguziwa kilo moja na nusu.

Sasa msomaji ataona kwamba mwenye kumsingizia farasi umri mdogo hupata faida mbili. Humwingiza katika mbio asizostahili, na humpunguzia mzigo asiostahili kupunguziwa.

Kijeba wa mwaka 1844

Faida hizo ndizo zilizomsukuma mcheza kamari mmoja wa London, Goodman Levy, kufanya alilolifanya.

Alikuwa na farasi aliyeitwa Maccabeus, aliyezaliwa mwaka 1840. Farasi huyo alipewa jina na nasaba ya mwingine, Running Rein, aliyezaliwa mwaka 1841. Mwaka 1843 aliingizwa katika mbio za miaka miwili huko Newmarket akashinda. Pingamizi liliwekwa kwamba mnyama yule alikuwa mkubwa mno kwa rika lile, lakini mtumishi wa zizi alikotoka Running Rein wa kweli alitoa ushahidi kwamba ndiye, na pingamizi likatupwa.

Mei 22, 1844 farasi huyohuyo aliingia Derby ya Epsom, sasa akiwa chini ya jina la mmiliki mwingine, mfanyabiashara wa nafaka Alexander Wood. Akashinda. Wa pili alikuwa Orlando wa Kanali Jonathan Peel, ndugu wa Waziri Mkuu Sir Robert Peel.

Kanali Peel alipinga matokeo, na shauri likafika mahakamani Julai mwaka huo. Lord George Bentinck, mmoja wa vigogo wa mchezo huo, ndiye aliyefuatilia nyendo za farasi huyo tangu utoto wake na kukusanya mashahidi.

Jaji Alderson alitaka jambo moja ambalo lilitosha kumaliza ubishi, nalo ni farasi mwenyewe aletwe ili mdomo wake ukaguliwe.

Farasi huota meno ya ukubwani kwa utaratibu unaojulikana. Meno mawili ya mbele ya katikati hubadilika akiwa na takriban miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, na ya pembeni minne na nusu. Mwezi Mei, kinywa cha farasi wa miaka minne hakiwezi kufanana na cha mwenzake wa miaka mitatu.

Farasi hakuletwa. Alikuwa amekwisha kuondolewa na kufichwa. Upande wa Wood ukakubali kushindwa, Orlando akatangazwa bingwa, na Levy akakimbilia Ufaransa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Ajabu ni kwamba mbio hizohizo zilikuwa na mshukiwa wa pili. Farasi aliyeitwa Leander alivunjika mguu katikati ya mbio na kuuawa. Taya lake lilipochunguzwa, naye ilielezwa kuwa alikuwa na miaka minne.

Kutoka meno hadi vinasaba

Udanganyifu haukukoma. Machi 1982, farasi aliyetambulishwa kwa jina la Flockton Grey alishinda mbio za miaka miwili huko Leicester kwa urefu wa farasi 20. Ushindi wa aina hiyo uliamsha shaka, na wachezesha kamari wakagoma kulipa.

Wapelelezi walirejea kwenye picha zilizopigwa siku ile. Mdomo wa mnyama ulionyesha meno ya farasi aliyevuka miaka miwili, na kovu la mguuni likamtambulisha kuwa ni Good Hand, farasi wa miaka mitatu. Wahusika walitiwa hatiani mwaka 1984.

Siku hizi mambo ni magumu zaidi kwa wenye nia hiyo. Mtoto wa farasi huandikishwa katika daftari la nasaba, na uzazi wake huthibitishwa kwa vinasaba. Hupewa hati ya kusafiria inayoeleza rangi na alama zake zote, na shingoni huwekewa kifaa kidogo chenye namba, ambacho husomwa kwa mashine kabla hajaruhusiwa kukimbia. Aidha, tharobredi aliyepatikana kwa upandishaji wa chupa haandikishwi kabisa, hivyo hawezi kushindana.

Wakubwa wa mbio za viunzi

Mbio za kuruka viunzi zina mtazamo tofauti. Huko ukomavu ndio unaotafutwa.

Grand National ya Liverpool, yenye umbali wa karibu kilomita saba na viunzi 30, humtaka farasi awe na miaka isiyopungua saba. Kabla ya mwaka 2012 kiwango kilikuwa miaka sita, kikapandishwa baada ya mapitio ya usalama. Umri pekee hautoshi, kwani sharti farasi awe na uzoefu wa mbio ndefu za viunzi. Mwaka 2024 idadi ya washiriki ilipunguzwa kutoka 40 hadi 34, na kiwango cha chini cha ubora kikapandishwa.

Je, miaka miwili ni mapema mno?

Swali hilo bado linagawanya wataalamu. Wanaopinga husema mifupa ya farasi wa miaka miwili haijakomaa, kwani sehemu ya ukuaji iliyo juu ya goti la mbele hufunga karibu na umri huohuo, na uti wa mgongo hukomaa baadaye zaidi. Wanaounga mkono hujibu kwamba mfupa huimarika kwa kutumika, na kwamba mazoezi ya kiasi utotoni humjengea farasi uwezo wa kustahimili mbio za baadaye.

Pande zote mbili hukubaliana katika jambo moja, kwamba farasi hawakui sawasawa. Mkufunzi makini humtazama mnyama aliye mbele yake, akijua kwamba "miaka miwili" ya kalenda inaweza kuwa miezi 26 kwa mmoja na 22 kwa mwingine. Farasi hana uwezo wa kusema kwamba bado hajawa tayari, na ndiyo maana uamuzi wa anayemlea una uzito mkubwa kuliko maandishi ya kanuni.

Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, mahali pa kuyaona haya kwa macho ni uwanja wa Ngong, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1954. Kenya ina Derby, Guineas, Oaks na St Leger zake, zilizofuata mfano wa Uingereza, na Derby yake ni ya farasi wa miaka mitatu kama ile ya Epsom.

Atakayefika huko na kupewa orodha ya mbio, asiishie kusoma majina ya farasi na wapandaji. Atazame pia umri, jinsia na uzito uliopangwa kwa kila mmoja, kwani humo mna sehemu kubwa ya maelezo ya nani amepewa nafasi ya kushinda na kwa sababu gani.