Mnara wa saa wa Beit al-Ajaib na historia ya Mwambao

MKAZI wa Mtongwe, ng'ambo ya Kilindini, huenda asione uhusiano wowote kati ya mtaa wake na mnara wa saa uliokuwa Unguja. Hata hivyo, masultani waliomiliki mnara huo ndio waliokuwa wakitambuliwa kuwa wenye mwambao wa Kenya wa upana wa maili 10, Mtongwe ikiwemo, hadi Desemba 12, 1963.

Jumba la Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, lilijengwa mwaka wa 1883 na Sultani Barghash bin Said kwa ajili ya sherehe na mapokezi rasmi. Lilikuwa la kwanza Unguja kupata umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti.

Wengi hawajui kwamba mnara wa saa haukuwa sehemu ya jumba hilo tangu mwanzo. Mnara wa awali ulisimama peke yake mbele ya jumba, nao ulitumika pia kuwa taa ya kuongozea vyombo baharini.

Mnara huo uliangamia Agosti 27, 1896. Siku mbili kabla, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, naye Khalid bin Barghash akatwaa kiti bila idhini ya Waingereza. Makataa aliyopewa yalikwisha saa tatu kamili asubuhi. Dakika chache baadaye manowari zilianza kufyatua mizinga. Vita hivyo, vinavyotajwa kuwa vifupi zaidi katika historia, havikufikisha hata dakika 50, lakini watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa.

Jumba lenyewe lilinusurika. Mwaka wa 1897 mnara mpya ulijengwa, safari hii ukiunganishwa na uso wa jumba.

Baadaye jumba likawa makumbusho, na mwaka wa 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwaka wa 2012 sehemu ya roshani iliporomoka. Kisha Desemba 25, 2020, ukarabati uliofadhiliwa na Oman ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara. Watu wawili walipoteza maisha.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huhitaji kutunzwa daima. Hilo lawahusu pia wakazi wa Mombasa, wenye Mji wa Kale na Ngome ya Yesu, iliyoingia katika orodha hiyo mwaka wa 2011.