Tanzia na Baraza la Athens

Tukifundisha tanzia za Wayunani, aghalabu twazichukua kuwa ni hadithi za miungu na maafa ya wafalme. Lakini watu wa Athens walizitazama katika sikukuu ya mungu Dionysus, iliyogharimiwa na dola pamoja na matajiri wake. Ibada na siasa zilikaa uwanja mmoja.

Mnamo mwaka 462 K.K. kiongozi Ephialtes alilipunguzia madaraka Areopagus, baraza la wakuu waliostaafu, likabakiwa hasa na kesi za mauaji. Haukupita muda Ephialtes akauawa, na mji ukakabiliwa na hatari ya kulipizana kisasi.

Mwaka 458 K.K. Aeschylus akaonyesha Oresteia. Orestes amemwua mama yake, aliyemwua baba yake. Pepo wa kisasi wanamwandama kwa sheria yao ya kale: dawa ya moto ni moto. Mungu wa kike Athena hakati shauri peke yake. Anaunda mahakama ya raia, ndiyo Areopagus. Kura zinalingana, Orestes anaachiliwa. Kisha Athena anawabembeleza pepo walioshindwa, anawapa makao na heshima mjini.

Wataalamu wangali wanabishana kama Aeschylus aliyaunga mkono mageuzi yale. Lililo wazi kwetu ni kwamba imani ilitumiwa kuwaasa raia wakate ugomvi kwa kura, si kwa damu, na kwamba mshindi hana budi kumwachia mshinde mahali pa kukaa. Mwalimu asiyelieleza hilo husomesha hadithi akaiacha historia.