Ung'amuzi wa kimaadili

Mwanamke amelazwa wodi ya magonjwa ya akili baada ya kutaka kujiua. Utaratibu wa usalama unajulikana: aondolewe mkanda, kamba za viatu, mtandio, chochote kirefu kinachoweza kufungwa shingoni. Nesi anauchukua mtandio, anauorodhesha pamoja na vitu vingine vya mgonjwa, na kazi imekwenda sawa. Ila mgonjwa ni mama wa makamo wa Pangani, ambaye tangu avunje ungo hajakaa kichwa wazi mbele ya mwanamume asiye maharimu wake, na wahudumu wa kiume wanaingia na kutoka. Nesi mmoja hataona kitu. Mwenzake ataona papo hapo kwamba usalama na sitara vimegongana, na kwamba anayeumia hana nguvu ya kulisema.

Huenda huyu wa pili akamtafutia ushungi mfupi wa kushonwa, usiofungika. Huenda asiupate. Istilahi ninayoitafutia Kiswahili, "moral sensitivity" kwa Kiingereza, haihusu suluhisho. Inahusu kule kuona kunakotangulia uamuzi. Mwanasaikolojia James Rest wa Marekani aliligawa tendo la kimaadili katika sehemu nne, ya kwanza ikiwa hii ya kubaini kwamba kuna jambo la kimaadili mbele yako. Miaka ya 1990 Kim Lützén, mtafiti wa uuguzi wa Sweden, akaichunguza kwa wauguzi wa magonjwa ya akili, fani ambayo mgonjwa mara nyingi hutibiwa bila ridhaa yake. Hapa kwetu Tanzania pia, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila hiari.

Tuiiteje? "Unyeti wa kimaadili" ndilo jibu la haraka, na silipendi. Kwa Mswahili kilicho nyeti ni kitu chenyewe: taarifa nyeti, suala nyeti, sehemu nyeti. Ukimwita nesi mnyeti, wenzake watacheka, na wana haki. "Usikivu" una hatari kubwa zaidi. Mtoto msikivu ni anayetii. Nesi msikivu atakuwa yule anayechoma sindano aliyoagizwa bila kuuliza. "Huruma" ni njema, lakini mtu anaweza kumhurumia mgonjwa na bado akamchanganyia dawa kwenye uji bila kumwambia, asione kasoro.

Nachagua "ung'amuzi". Kung'amua ni kulitambua lililojificha, na ndiyo kazi yenyewe. Neno halina ugeni kwa wanaosoma saikolojia, kwani "ung'amuzi bwete" limeshatumiwa kwa ile sehemu ya nafsi isiyojijua.

Lijaribuni Lutindi, milimani Usambara, wilaya ya Korogwe. Wamisionari Wajerumani walianza hapo mwaka 1896 na makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya tiba huko kwa muda mrefu. Kwa anayeanza kupata nafuu, jembe humrudishia mpangilio wa siku. Jembe hilohilo ni adha kwa aliyeamka amelemewa na dawa. Na ukizidi kulisukuma, tiba inageuka kibarua kisicho na ujira. Mwongozo hauwezi kumwambia muuguzi wa popote kwamba mgonjwa fulani, asubuhi ya leo, yuko upande gani. Sharti amtazame, ang'amue.

Nina shaka moja na chaguo langu. Lützén na wenzake walipochapisha dodoso lao la kuupima uwezo huu, lililorekebishwa, mwaka 2006, walitaja sehemu tatu: nguvu ya kimaadili, uwajibikaji, na hisia ya mzigo. Ung'amuzi haubebi hilo la tatu. Aliye peke yake zamu ya usiku, akijua kwamba mgonjwa amefungwa kitandani kwa kuwa tu watumishi hawatoshi, ameng'amua vizuri kabisa na hana la kufanya mpaka kuche. Hilo tuliite "mzigo wa kimaadili", liwe istilahi ya peke yake, lifundishwe vyuoni pamoja na namna ya kuufikisha mzigo huo kwa msimamizi wa wodi asubuhi, kwa maandishi.