Tiana's Palace

Tiana's Palace ni mgahawa uliomo katika eneo la New Orleans Square, ndani ya bustani ya burudani ya Disneyland mjini Anaheim, jimbo la California, Marekani. Ulifunguliwa tarehe 7 Septemba 2023 katika jengo la French Market Restaurant, mgahawa ulioanza pamoja na eneo hilo mwaka 1966 na kufungwa Februari 2023. Namna ya kuhudumia haikubadilika sana: mteja huagiza kaunta, akabeba sinia lake na kutafuta meza. Kilichobadilika zaidi ni jina la mlangoni. Mgahawa wa kwanza uliitwa kwa soko kongwe la jiji la New Orleans. Wa sasa unaitwa kwa Tiana, mhusika mkuu wa filamu The Princess and the Frog ya mwaka 2009, ambaye ni binti mfalme wa kwanza mweusi katika filamu za Disney. Umuhimu wa mgahawa huu umo katika badiliko hilo, maana mapishi ya watu weusi wa kusini mwa Marekani yalikuwa yakiuzwa Disneyland kwa miongo mingi bila wenyewe kutajwa kuwa wamiliki.

Historia ya bustani yenyewe inathibitisha hilo. Disneyland ilifunguliwa Julai 1955, na mwezi uliofuata ukaanza mgahawa wa Aunt Jemima's Pancake House, hatua chache kutoka mahali palipokuja kujengwa New Orleans Square. Aunt Jemima ilikuwa chapa ya unga wa chapati za maji, yenye sura ya mpishi mweusi aliyejifunga kitambaa kichwani, iliyotokana na maigizo ya karne ya 19 ya kuwadhihaki watu weusi. Hapo mgahawani, mwigizaji mweusi aliyevalia hivyo aliwakaribisha wageni na kupiga nao picha. Alikuwa kivutio, umiliki haukuwa sehemu ya picha ile. Mgahawa huo ulipoteza jina hilo mwaka 1970. French Market haukuwa na kejeli ya namna hiyo, lakini uliliepuka suala lenyewe: uliuza vyakula vya Louisiana, jimbo lenye jiji la New Orleans, jambalaya ikiwamo, wageni wakisikiliza muziki wa jazi, bila kumtaja yeyote aliyeyaumba mapishi hayo.

Tiana anaijaza nafasi hiyo. Katika filamu ni mhudumu wa mgahawa katika New Orleans ya miaka ya 1920, anayeweka akiba senti kwa senti ili afungue mgahawa ambao yeye na marehemu baba yake waliuota. Watunzi walimjenga kwa kumtazama Leah Chase (1923–2019), mpishi wa Dooky Chase's, mgahawa ulioanzishwa na wakwe zake mwaka 1941 katika mtaa wa Treme. Mlo mkuu wa Tiana's Palace unaonyesha ukoo huo: gumbo ya mboga saba, mchuzi mzito wenye bamia, maharage meupe na viazi vitamu, unaoliwa na wali, na anayetaka huongezewa kuku na soseji. Leah Chase alisifika kwa gumbo ya majani mengi aliyoipika kila Alhamisi Kuu. Bamia yenyewe ilivuka Atlantiki kutoka Afrika pamoja na watu waliouzwa utumwani, kwa hiyo mlo huu una wenyewe, na jina la mlangoni sasa linawaelekea.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba kumbukumbu imefutwa, kwani French Market ulianza wakati Walt Disney mwenyewe yu hai. Hoja hii haina nguvu sana. Jengo limebaki, vyakula ni vya Louisiana ileile, na kilichoondolewa nacho kilikuwa mwigo wa soko lililo mbali. Anayeutetea anatetea picha iliyochorwa California mwaka 1966. Wengine husema ni biashara tu, filamu inauzwa upya kwa sahani, kisha kwa mchezo wa majini wa Tiana's Bayou Adventure uliofunguliwa karibu na hapo Novemba 2024. Ni kweli, lakini Aunt Jemima naye alikuwa biashara. Ikiwa kila kitu bustanini kinauzwa, lililobaki la kupima ni sura gani inauzwa, na mwenye mgahawa si sawa na mtumishi wa kupigwa picha.

Pingamizi zito ni la wale wasemao kwamba hadithi hii imetiwa sukari kupita kiasi. Tiana anapata jengo lake kwa bidii na bahati, na jengo lenyewe ni kiwanda cha zamani cha sukari. Filamu haisemi lolote juu ya watumwa walioibeba sukari ya Louisiana mabegani. Maisha ya Leah Chase yalikuwa tofauti. Sheria za ubaguzi zilikataza weusi na weupe kula chumba kimoja, na bado aliwalisha pamoja wanaharakati wa haki za raia, Martin Luther King Jr. akiwa miongoni mwao, walipokutana kwake kupanga mikakati. Pingamizi hili linasimama, na halijibiwi kwa kurudisha jina la zamani. Linadai maelezo zaidi, wala halidai ukimya wa awali. Kwa kipimo hicho, Tiana's Palace ni hatua ya haki iliyofanywa nusu: umemtaja mwenye chakula, ila kwa jina la kubuni. Dooky Chase's ungali wazi huko Treme, chini ya familia ileile.