Mzee Ndiye Bikoni: Nani Alisema Hatuwezi Kuchekea Kifo?

Wasee, kuna usiku nilienda vichekesho vya jukwaani hapa Embu mjini. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki, watu hata hawafiki mia. Jamaa mmoja akashika maiki akasema: "Babangu alikataa kuandika wosia. Akafa. Tukamzika katikati ya shamba, na shamba lenyewe ni robo ekari. Sasa ndugu wanne tunalima tukimzunguka. Mzee ndiye bikoni."

Watu walicheka hadi viti vikalia. Lakini mama mmoja nyuma yangu akasonya: "Kifo hakichezewi. Hawa watoto wanaharibu mila."

Nililala na hilo neno. Mila gani hasa? Nikaanza kusoma, nikauliza wazee pia. Na hapa ndo mambo yanakuwa matamu, kwa sababu kaburi lenyewe la pale shambani si mila ya kale hata kidogo.

Kabla ya mkoloni, kwa Waembu, Wambeere na Wameru, watu wengi hawakuzikwa. Maiti ilipelekwa porini na fisi wakamaliza kazi. Mara nyingine hata mgonjwa aliyekaribia kukata roho alitolewa nje mapema, asifie nyumbani. Usiseme ni ukatili. Maiti ilihesabiwa kuwa unajisi unaoweza kudhuru walio hai, na aliyeigusa ilibidi atakaswe. Sasa mtu alikumbukwaje bila kaburi? Kwa jina. Babu akienda, mjukuu anabaki akiitwa yeye. Hukuhitaji jiwe, ulihitaji mtoto wa kuitwa kwa sauti jioni arudi nyumbani.

Halafu Waingereza wakaja. Embu ilivamiwa 1906, na kituo cha serikali kikafunguliwa Meru 1908. Wamishonari nao walifika Kigari 1910. Kanisa lilitaka kaburi na maombi, serikali ikataka maiti ifukiwe. Huko Mbeere amri hiyo ilishika kwenye miaka ya 1930. Hebu fikiria mzee wa wakati huo, aliyefundishwa maisha yake yote asiguse maiti, sasa anaambiwa amchimbie babake shimo karibu na nyumba. Kwake yeye, huko ndiko kuharibu mila!

Kisha likaja suala la ardhi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulileta kupima mashamba na kuyaandikia hati, na mambo hayo yalipofika Mbeere, kaburi likapata kazi mpya. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, aliyefanya utafiti huko, aliandika mwaka 1984 jinsi makaburi yalivyogeuka ushahidi kwenye kesi za mashamba. Babu yangu amelala hapa, kwa hivyo hapa ni kwetu. Yaani yule jamaa wa maiki hakubuni kitu. Mzee amekuwa bikoni kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa hivyo nikiambiwa tunaharibu mila, nauliza: ya fisi, ya kanisa, au ya hati ya shamba? Kila kizazi hapa kimejitafutia njia ya kukaa na kifo. Sisi tumepata maiki.

Na hao wachekeshaji si kwamba hawajui uchungu. Ayeiya wa Churchill Show alikufa kwa ajali ya barabarani Aprili 2016. Fred Omondi naye, ajali, Juni 2024. Wenzao walilia kama watu wengine wote, halafu wakarudi jukwaani kwa sababu hiyo ndiyo kazi.

Mimi naona hata ni hatua. Kwa miaka mingi mtu wa huku kwenye vichekesho vya Kenya alikuwa lafudhi, miraa na hasira, basi. Sasa kijana wa hapa anasimama anaongea juu ya kifo cha babake, na ukumbi mzima unajiona ndani yake.

Mimi nilijiona. Guka alizikwa 2019, na mimi ndiye niliyepewa jina lake. Tangu siku hiyo baba na ndugu yake hawajaongea vizuri, na mnajua ni kwa sababu gani. Robo ekari, wasee. Kwenye sherehe za familia wanakaa meza tofauti, na hakuna mtu anathubutu kutaja.

Wikendi iliyofuata nilimrushia baba ule utani tukila. Akanyamaza. Shosho akamtazama. Nikajua nimejichoma. Kisha baba akaanza kucheka polepole, akacheka hadi akavua miwani kufuta macho.

Alipotulia akaniuliza kama namba ya ndugu yake bado ni ile ya zamani.

Sijui watafika wapi. Lakini miaka yote ya kunyamaza kwa heshima haikuwahi kutufikisha hata hapo.