Toma Muteba Luntumbue: msanii mwenye kuchagua kazi za wengine

Katika mambo ya sanaa kuko kazi moja yenye watu wengi hawaijui: ile ya kupanga maonyesho ya wasanii wengi pamoja. Mwenye kuifanya anaitwa komisera wa maonyesho. Hapa kwetu neno komisera linatufanya tufikirie polisi, lakini huyu hakamati mtu. Anatafuta wazo, anaalika wasanii, anaamua kazi hii iwekwe pembeni ya ile, na anaandika maelezo yenye mgeni atasoma ukutani.

Mara nyingi komisera ni mtu wa vitabu. Mara zingine ni msanii yeye mwenyewe, sawa vile Toma Muteba Luntumbue, Mkongomani mwenye kuishi Brussels, Ubelgiji. Anatengeneza kazi zake, na pia amesoma historia ya sanaa.

Tervuren, mwaka 2000

Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, lilitokana na maonyesho makubwa ya mwaka 1897. Wakati ule Mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongomani 267. Wengi waliwekwa katika vijiji vya kuigiza, Wabelgiji wakaja kuwaangalia. Watu saba walikufa, na makaburi yao yako mpaka leo pembeni ya kanisa la Tervuren.

Mwaka 2000, jumba hilo lilifungua maonyesho yenye kuitwa ExitCongoMuseum. Boris Wastiau alishughulikia vitu vya zamani na kuuliza vilitoka Kongo namna gani. Luntumbue yeye alialika wasanii wa leo, kazi zao zikaingia ndani ya vyumba vyenye vilipangwa tangu zamani. Ni kusema, pale Mkongomani alikuwa wa kuangaliwa, sasa Mkongomani ndiye aliamua watu waangalie nini.

Lubumbashi, 2015 na 2017

Biennale ya Lubumbashi ilianza mwaka 2008. Ililetwa na shirika Picha, lenye mpiga picha Sammy Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake. Luntumbue alikuwa komisera wa awamu ya nne, mwaka 2015, yenye kichwa Réalités filantes, na ya tano, mwaka 2017, yenye kuitwa Éblouissements.

Kazi ya kuchagua ilikuwa ile ile, lakini watazamaji hawakuwa wale wale. Lubumbashi ni mji wenye ulizaliwa mwaka 1910 juu ya shaba. Baloji, katika picha zake za Mémoire, alikamata watu wa picha za wakati wa ukoloni akawaweka mbele ya viwanda vya leo vyenye kubomoka. Mtu wa Brussels akiona kazi ya namna hiyo, anaona historia. Mtoto wa mfanyakazi wa Gécamines anaweza kuona maisha ya baba yake. Komisera lazima ajue ni nani atasimama mbele ya ukuta.

Faida na hatari

Msanii akiwa komisera, anajua uchungu wa kazi yenye kuwekwa kwenye kona ya giza ao kuelezwa vibaya. Lakini kuko hatari pia: anaweza kualika marafiki tu, ao kupenda kazi zenye kufanana na zake. Ndiyo sababu ni vizuri kubadilisha wachaguzi. Mwaka 2019 biennale iliongozwa na Sandrine Colard, mwanahistoria wa sanaa. Mwaka 2022 Picha ilikabidhi kazi hiyo kwa kikundi, kichwa kikawa ToxiCité, kuhusu sumu katika mji na maisha.

Swali hili linatuhusu hata sisi wenye tuko mbali na Lubumbashi. Kazi nyingi za wasanii wetu zinanunuliwa Ulaya, na vijana wa hapa wanaziona kwenye simu tu. Kuwa na wachoraji wazuri haitoshi. Tunahitaji pia watu wa kwetu wenye kujua kuchagua, kupanga na kueleza, ili kazi hizo zionekane kwanza hapa nyumbani.