Shule ni ya Nani?

Ukiwasikiza wazazi wa Nairobi kila Januari, utadhani tumekuwa na shule aina mbili tu tangu jadi: ya serikali kwa wasiojiweza, ya kibinafsi kwa wenye nazo. Historia yetu haikwendi hivyo.

Mkoloni aligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Zetu nyingi zilikuwa mikononi mwa wamishonari. Mzozo wa tohara ya wasichana ulipochacha mwaka wa 1929, Wakikuyu wengi walijitoa misheni na shule zao huru zikaenea. Mwaka wa 1939 wakafungua chuo cha walimu kule Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, serikali ikazifunga. Shule hizo hazikuwa za serikali, lakini hakuna tajiri aliyezila faida. Baada ya uhuru ikaja harambee: wanakijiji wanachanga, wanajenga sekondari, halafu wanaililia serikali ilete walimu. Hiyo utaiita public ama private?

Januari 2003, serikali ya Kibaki ilifuta karo ya shule za msingi. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 hivi. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, miaka 84, akaingia darasa la kwanza Eldoret. Ilikuwa haki, na bado ni haki. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na mzazi aliyepata vijisenti akahamisha mtoto. Hata Kibera na Mukuru, akademi za mabati zikajaa.

Kwetu, karo ilitosha mtoto mmoja. Mimi nikapelekwa akademi, dadangu akabaki shule ya serikali. Watu hupenda kuuliza nani alishinda. Mimi niliacha chuo, yeye ana kazi. Ila watoto wawili si utafiti. Ninachokumbuka ni mama. Kwenye mikutano ya akademi alisimama akauliza maswali, manake alilipa. Kwa shule ya dadangu alikaa kimya, eti cha bure hakiulizwi.

Na si cha bure. Kila akinunua sukari ama mafuta ya taa, alikuwa analipa ushuru. Wazee waliochanga wakajenga walijua shule ni yao. Sisi tunalipa, tunanyamaza, halafu tunahama.